Kura ya Urais ya Mwaka 2015 Mkoani Arusha: Ufafanuzi wa Hoja ya "Mwana wa Nyumbani"

Mpiga kura wa Jimbo la Arusha Mjini aliyefika kituoni tarehe 25 Oktoba 2015 alikabidhiwa karatasi mbili badala ya tatu. Moja ilikuwa ya Rais wa Jamhuri ya Muungano, nyingine ya diwani wa kata yake. Karatasi ya mbunge haikuwapo. Estomih Mallah, mgombea ubunge wa ACT-Wazalendo, alikuwa amefariki dunia mwezi huohuo, na sheria ya uchaguzi inamtaka msimamizi kuahirisha uchaguzi wa ubunge pale mgombea anapofariki baada ya uteuzi na kabla ya siku ya kura. Wakazi wa jiji walirudi vituoni tarehe 13 Desemba, wakati Rais mpya alikwisha kuapishwa tangu tarehe 5 Novemba. Kwa sababu ya msiba huo, Arusha Mjini ilipiga kura mara mbili katika muda wa wiki saba: mara ya kwanza jina la Edward Lowassa likiwa kwenye karatasi, mara ya pili likiwa halimo.

Makala haya yanatumia tukio hilo kama mlango wa kuingilia katika swali ambalo aghalabu hujibiwa kwa haraka. Inajulikana kwamba katika uchaguzi wa mwaka 2015 Lowassa, aliyesimamishwa na CHADEMA kwa niaba ya umoja wa UKAWA, aliongoza kwa kura za urais katika Mkoa wa Arusha ilhali John Magufuli wa CCM alishinda nchini. Maelezo yanayotolewa mara kwa mara ni kwamba Lowassa alikuwa mwana wa nyumbani. Alizaliwa Monduli mwaka 1953, akaliwakilisha jimbo hilo bungeni kwa miaka mingi, na safari yake ya kuutafuta urais aliitangazia Arusha, katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, tarehe 30 Mei 2015, akiwa bado mwanachama wa CCM. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake. Kasoro yake ni kwamba yanauchukulia mkoa mzima kana kwamba ni boma moja lenye mzee mmoja, na hivyo kuficha kwamba kura iliyohesabiwa kama kura ya Arusha ilitoka katika vyanzo viwili tofauti, kimojawapo kikiwa kimekwisha kuikataa nyumba ya Lowassa miaka mitatu tu kabla.

Mkoa katika hesabu ya kura ya Rais

Kabla ya kuingia katika historia, ni vyema kubainisha maana ya kusema kwamba mkoa "ulimchagua" mtu. Kiswahili kina neno moja, jimbo, kwa vitu viwili visivyofanana: jimbo la uchaguzi kama Monduli au Karatu, na jimbo la Marekani kama Florida. Msomaji anayefuatilia habari za nchi zote mbili huweza kudhani kwamba majimbo haya hufanya kazi moja. Nchini Marekani, jimbo ni mpiga kura halisi katika uchaguzi wa Rais. Kura za wananchi huhesabiwa jimbo kwa jimbo, na mshindi, isipokuwa katika Maine na Nebraska, huchukua wajumbe wote wa jimbo husika wanaokwenda kumchagua Rais. Mwaka 2000 George W. Bush alimzidi Al Gore kwa kura 537 tu katika Florida, na kwa tofauti hiyo akachukua wajumbe wote 25 wa jimbo hilo pamoja na urais.

Tanzania haina utaratibu huo. Kwa uchaguzi wa Rais nchi nzima ni jimbo moja, na tangu mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 mshindi ni yule aliyepata kura nyingi kuliko wenzake, hata kama hazikufika nusu. Majimbo ya uchaguzi ni mahali pa kujumlishia tu. Mkoa hauna hata hadhi hiyo; ni mstari katika jedwali unaopatikana baada ya majimbo kuwekwa pamoja. Mwaka 2015 Magufuli alipata kura 8,882,935, sawa na asilimia 58.46, na Lowassa 6,072,848, sawa na asilimia 39.97. Tofauti kati yao ilikuwa kura 2,810,087. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,694,310 katika Mkoa wa Arusha. Hata kama kila mkazi wa mkoa huo, kuanzia mtoto mchanga hadi ajuza, angeongezwa katika hesabu ya Lowassa, pengo lisingezibika.

Thamani ya kuichunguza kura ya Arusha, kwa hiyo, haimo katika uzito wake kwenye matokeo ya nchi. Imo katika kile inachofunua kuhusu namna uaminifu wa kisiasa unavyojengwa na kuhamishwa. Hapa pia mfano wa Marekani una funzo, kwa sababu katika uchaguzi uleule wa mwaka 2000 Gore alishindwa Tennessee, jimbo la nyumbani kwake alilokuwa amelitumikia katika Seneti. Lilikuwa na wajumbe 11, na angelishinda, Florida isingekuwa na maana yoyote. Nyumbani si hazina ya kura inayojifungua yenyewe.

Kabla ya Lowassa

Hoja ya mwana wa nyumbani inapata kikwazo chake cha kwanza mwaka 2010. Mgombea urais wa CHADEMA mwaka huo, Dkt. Willibrod Slaa, alikuwa mtu wa Karatu, na alikuwa ameliwakilisha jimbo hilo tangu mwaka 1995. Karatu imo ndani ya Mkoa wa Arusha. Kama asili ya mgombea ingetosha kuuvuta mkoa mzima kuelekea chama chake, basi ungevutwa mwaka huo. CHADEMA ilipata majimbo mawili kati ya saba: Karatu yenyewe, na Arusha Mjini, ambako Godbless Lema alimshinda Dkt. Batilda Burian wa CCM. Monduli, Longido, Ngorongoro na majimbo yote mawili ya Arumeru yalibaki CCM. Miaka mitano baadaye CHADEMA ilichukua sita kati ya saba, na Ngorongoro pekee ikabaki. Nyumbani palikuwa palepale. Kilichobadilika ni kingine.

Mwelekeo wa mjini una historia ndefu zaidi. Katika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, mwaka 1995, wapiga kura wa Arusha Mjini walimpeleka bungeni Makongoro Nyerere kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi, chama kilichomsimamisha Augustine Mrema kwa urais. Kwamba mtoto wa Mwalimu alishinda kwa chama cha upinzani, katika mji ulioipa jina lake hati kuu ya itikadi ya TANU, ni jambo ambalo wanahistoria wa siasa hawajalitendea haki. Tahadhari moja inahitajika kwa yeyote anayelinganisha takwimu za miaka hiyo na za baadaye: Mkoa wa Arusha wa mwaka 1995 ulijumuisha pia eneo lililokuja kuwa Mkoa wa Manyara mwaka 2002. Jina ni lilelile, lakini wapiga kura si walewale.

Ushindi wa Lema ulifuatiwa na miaka mitano ya mivutano iliyowafanya wakazi wa mji waishi katika hali ya kampeni karibu wakati wote. Mgogoro wa uchaguzi wa meya ulizaa maandamano ya tarehe 5 Januari 2011, ambapo watu watatu walipoteza maisha katika makabiliano na polisi. Madiwani wa CHADEMA walioafikiana na CCM juu ya suala hilo walivuliwa uanachama. Mallah, ambaye kifo chake kingekuja kuahirisha uchaguzi wa mwaka 2015, alikuwa mmoja wao. Aprili 2012 Mahakama Kuu ilitengua ubunge wa Lema, na Desemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikamrejesha. Kata nne zilizobaki wazi, yaani Kaloleni, Elerai, Kimandolu na Themi, zilipangiwa uchaguzi mdogo mwezi Juni 2013. Tarehe 15 Juni, siku moja kabla ya kura, bomu lilirushwa katika mkutano wa kufunga kampeni za CHADEMA kwenye uwanja wa Soweto, likaua na kujeruhi. Kura iliahirishwa hadi Julai, na CHADEMA ikashinda kata zote nne.

Katika mlolongo huu wote Lowassa hakuwa upande wa CHADEMA. Alikuwa mmoja wa vigogo wa chama kilichokuwa kikipingwa.

Miteremko ya Meru na nyika za Monduli

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka upande wa mashariki wa Mlima Meru. Januari 2012 alifariki Jeremiah Sumari, mbunge wa Arumeru Mashariki. CCM ilimsimamisha mwanawe, Sioi Sumari, ambaye pia alikuwa mkwe wa Lowassa. CHADEMA ilimsimamisha kijana, Joshua Nassari. Kwa mantiki ya mwana wa nyumbani, Sioi alikuwa na kila kitu: jina la baba, msiba ulio mbichi, chama tawala na mkwe mwenye nguvu. Tarehe 1 Aprili 2012 Nassari alipata kura 32,972 na Sioi 26,757.

Ili kuyaelewa matokeo hayo ni lazima kuitazama ardhi. Miteremko ya Meru ni miongoni mwa maeneo yenye rutuba na msongamano mkubwa wa watu kaskazini mwa Tanzania. Wameru upande wa mashariki na Waarusha upande wa magharibi hulima migomba na kahawa katika vihamba vinavyozidi kuwa vyembamba kila baba anapogawia wanawe, huku sehemu ya tambarare zilizo chini ya mlima ikiwa chini ya mashamba makubwa tangu enzi za ukoloni. Suala hili lina kumbukumbu yake ya kisiasa. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasafiri hadi New York kuwasilisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa. Hawakurudishiwa ardhi yao wakati huo, lakini shauri hilo liliwafundisha wakulima wa Meru kwamba mamlaka inaweza kushtakiwa hadharani na mtu wa kawaida. Engare Nanyuki imo ndani ya Arumeru Mashariki, na ardhi ilikuwa miongoni mwa hoja zilizotawala kampeni za mwaka 2012.

Zaidi ya hayo, mlima na mji haviwezi kutenganishwa. Kijana asiyepata kihamba cha kutosha huko Leguruki au Ngaramtoni huteremka mjini kutafuta riziki katika masoko, karakana, bodaboda na utalii. Anapokwenda nyumbani mwisho wa juma hubeba habari za mjini pamoja na sukari na sabuni. Kwa njia hii siasa za Arusha Mjini zilipanda mlimani bila kuhitaji mgombea mwenye jina kubwa.

Nyika za Monduli na Longido zilikuwa na hali nyingine. Wafugaji wa Kimaasai walio wengi huko waliendelea kuichagua CCM katika vipindi vyote vya vyama vingi hadi mwaka 2010. Kwao Lowassa hakuwa tu mwanasiasa wa kitaifa aliyejiuzulu uwaziri mkuu tarehe 7 Februari 2008 kutokana na kashfa ya Richmond. Alikuwa mbunge wao na mlezi wa viongozi wengi wa eneo hilo, aliyehusishwa na shule na miradi ya maji. Uaminifu wao ulikuwa kwa chama na kwa mtu kwa pamoja, na hadi mwaka 2015 hapakuwa na haja ya kuutenganisha. Wala si sahihi kuuita uaminifu huo kura ya kabila. Ngorongoro nayo ni nchi ya wafugaji wa Kimaasai, na mwaka 2015 ilimpeleka bungeni William Ole Nasha wa CCM.

Sheria iliyounganisha kambi mbili

Mwezi Julai 2015 vikao vya CCM mjini Dodoma viliteua majina matano ya kuendelea katika mchujo wa urais, na jina la Lowassa halikuwamo. Hapa ndipo Katiba inapoingia. Kwa mujibu wa Ibara ya 39, mgombea urais ni lazima awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe nacho. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake jijini Arusha, ilikwisha kuamua tarehe 14 Juni 2013, katika shauri lililohusisha Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba katazo la mgombea binafsi linakiuka Mkataba wa Afrika. Sheria haikubadilishwa. Mtu mwenye wafuasi lakini asiye na chama hakuwa na njia ila kuingia katika chama kingine.

Tarehe 28 Julai 2015 Lowassa alijiunga na CHADEMA. Laiti mgombea binafsi angeruhusiwa, huenda kura ya Monduli na kura ya Kaloleni zingehesabiwa kwa watu wawili tofauti, na hakuna ambaye angezungumzia kura moja ya Arusha. Sheria iliwalazimisha watu waliokuwa wakipingana kutia alama katika kisanduku kimoja. Gharama yake haikuwa ndogo. Jina la Lowassa lilikuwa miongoni mwa yale yaliyosomwa na Dkt. Slaa mwaka 2007 katika orodha ya watuhumiwa wa ufisadi pale Mwembe Yanga, Dar es Salaam. Slaa alijitenga na uamuzi wa chama chake na kutangaza kuachana na siasa za vyama.

Mpiga kura wa Kimandolu au wa Usa River aliyeichagua CHADEMA mwaka 2012 na 2013 alijikuta akiombwa kumpigia mtu ambaye chama hichohicho kilimfundisha kumkataa. Matokeo ya viti vya ubunge yanaonyesha kwamba hakuiacha CHADEMA. Ni jambo la busara, hata hivyo, kutosoma katika alama yake mapenzi kwa Lowassa pale ambapo pengine palikuwa na kiu ya kuiondoa CCM tu.

Kura ya Desemba na yaliyofuata

Kura ya tarehe 13 Desemba ndiyo kipimo cha karibu zaidi kilichopo. Lowassa alikwisha kushindwa, Magufuli alikuwa Ikulu na wiki zake za kwanza zilikuwa zimejaa hatua zilizompa sifa hata kwa wapinzani. Zilikuwepo sababu zote za mpiga kura kuhamia kwa mshindi. Waliojitokeza walikuwa wachache kuliko wa Oktoba, kama ilivyo kawaida ya chaguzi za aina hiyo. Lema alipata zaidi ya kura 68,000, na Philemon Mollel wa CCM takriban 36,000. Katika halmashauri, CHADEMA ilikuwa imekwisha kutwaa karibu kata zote katika kura ya Oktoba na ikamweka Kalist Lazaro katika kiti cha meya. Upinzani wa mjini, kwa hiyo, haukuhitaji jina la Lowassa ili usimame.

Kwa upande wa nyika, kamba ilikatika mapema. Ushindi wa Onesmo Ole Nangole huko Longido ulitenguliwa na mahakama mwaka 2016, na katika uchaguzi mdogo wa Januari 2018, ambao CHADEMA haikushiriki, jimbo lilirudi CCM. Julai 2018 Julius Kalanga, mbunge wa Monduli, alihama CHADEMA na mwezi Septemba akachaguliwa tena kwa tiketi ya CCM. Tarehe 1 Machi 2019 Lowassa mwenyewe alirudi CCM. Arumeru Mashariki pia ilirudi CCM mwaka huo, lakini kwa njia tofauti kabisa: Nassari alivuliwa ubunge kwa kutohudhuria mikutano mitatu ya Bunge, na mgombea wa CCM akapita bila kupingwa. Kuyaweka matukio haya mawili, la Monduli na la Meru, katika safu moja ya "majimbo yaliyorudi" ni kosa, kwa kuwa huko Meru hapakuwa na kura iliyopigwa.

Uchaguzi wa tarehe 28 Oktoba 2020 hautoi kipimo rahisi. Kitaifa Magufuli alitangazwa mshindi kwa asilimia 84.40 na Tundu Lissu wa CHADEMA akapewa asilimia 13.04, CCM ilichukua majimbo yote ya mkoa, Mrisho Gambo akimshinda Lema kwa zaidi ya kura 82,000 dhidi ya zaidi ya 46,000. Vyama vya upinzani vilidai kwamba mawakala wao walizuiwa vituoni na vikayakataa matokeo. Matokeo ya ubunge yangeweza kupelekwa mahakamani, kama Arusha Mjini na Longido zilivyokwisha kushuhudia. Ya urais hayakuweza, kwa sababu Ibara ya 41(7) inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa Rais baada ya Tume kumtangaza mshindi. Mahakama ya Afrika, ikiwa palepale Arusha, iliamua tarehe 15 Julai 2020 katika shauri la Jebra Kambole kwamba kifungu hicho nacho kinakiuka Mkataba, na kura ya mwaka huo ikapigwa kifungu kikiwa bado kipo.

Katika Jimbo la Monduli, mbunge aliyechaguliwa mwaka 2020 kwa tiketi ya CCM alikuwa Fredrick Lowassa, mwana wa Edward. Jina lililotiwa alama mwaka 2015 chini ya bendera ya CHADEMA lilikuwa limerudi katika karatasi, safari hii chini ya jembe na nyundo.